Kichwa cha Jumatatu

Hospitali ile ilikuwa na mashine moja ya kupiga picha za ubongo, na mashine hiyo ilikuwa na mtu wake. Hakuwa daktari wala fundi. Alikuwa msukuma machela, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye mabega ya kubeba watu na miguu isiyojua kuchoka. Wauguzi walimwita Kipimo, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Jina alilipata kwa kutulia. Daktari aliyeongoza utafiti wa watu walioumia kichwa, na wale wanaopoteza kumbukumbu, alihitaji kitu kisichouzwa dukani: kichwa kizima cha mtu anayeweza kulala ndani ya mashine dakika arobaini bila kujikuna. Mashine za namna hiyo zina tabia za saa ya ukutani, hupotea kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Leo itakuambia ubongo wa mgonjwa una ukubwa huu, mwezi ujao itakuambia umepungua, kumbe ubongo uko vilevile na mashine ndiyo imepotoka. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, ilipaswa kupimwa kwa kichwa kinachojulikana. Wakajaribiwa wauguzi watatu. Mmoja alikohoa, mwingine alikoroma, wa tatu alibonyeza kengele akilia atolewe. Akaingia msukuma machela, akatulia kama maji ya mtungi.

"Baba," Daktari akamwambia siku hiyo, "kuanzia leo wewe ndiye kipimo changu."

Alimwita Baba kwa haki. Alipokuwa mwanafunzi, siku ya kwanza kuona fuvu la mtu likifunguliwa, alianguka chini kama mzigo, na aliyemnyanyua akamsukuma hadi kwenye hewa safi, akamnunulia chai, na asimsimulie mtu yeyote, alikuwa msukuma machela huyu. Tangu hapo walikuwa baba na mwana. Kipimo alimwita Daktari mbele za watu, na wakiwa wawili alimwita mwanangu.

Nyumbani alijigamba mpaka mkewe akachoka. "Bila kichwa hiki," alisema akijigonga paji la uso, "hospitali nzima haijui mgonjwa ni nani na mzima ni nani."

"Basi wamepatikana," mkewe alijibu. "Kichwa cha kupimia wenzake, na chumvi nimekutuma mara mbili hujaleta."

Walicheka. Miaka ile walikuwa bado wanacheka.

Kila Jumatatu utaratibu ulikuwa uleule. Alivua mkanda, saa, na pete ya ndoa, akaviweka kwenye kisahani alichoshika Daktari. Akalala. Daktari mwenyewe alimfunika kofia ya plastiki yenye matundu ya macho, na alipokuwa akifunga vikanda walizungumza ya nyumbani, kama mtu anavyozungumza na mwanawe. Kisha mashine ilianza kugonga, naye akafumba macho, akatulia.

Mwaka wa tano mambo yakaanza kumwendea mrama. Jumatatu moja alirudi nyumbani kidole kitupu. Mkewe akauliza pete iko wapi. Akafikiri, akasema labda ipo bafuni. Haikuwapo bafuni; ilikuwa kwenye kisahani, na alirudishiwa Jumatatu iliyofuata. Mwezi mmoja baadaye walipatana akamchukue mkewe kwa daktari wa meno. Mke alingoja na shavu lake lililovimba mpaka mfagizi akazima taa. Mume alifika nyumbani baada ya saa nne, viatu vimelowa.

"Ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Njia gani hiyo isiyo na mwisho?"

Mtu asiye na jibu huonekana mwongo hata akiwa mkweli kuliko maji. Kisha vikaja viatu. Mke alipekua mfuko wa mumewe akitafuta funguo, akatoa jozi ya viatu vya mtoto mchanga, vya njano, vipya, bado vimefungwa pamoja kwa uzi wa dukani. Kitinda mimba wao alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mume aliviangalia vile viatu kama vimeanguka kutoka mbinguni. Aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa kwamba hana nyumba ndogo, hana mtoto nje, hajui vimefikaje. Mwanamke gani duniani angeamini? Hata wewe unayesoma usingeamini.

Mkewe akamwita kaka yake mkubwa waje wakae wazungumze. Kipimo naye akamwomba Daktari aje awe shahidi wake, kwa sababu mambo yote hayo alikuwa amekwisha kumweleza akifungwa kofia: pete, meno, viatu. Alijua kwamba akisema yeye ataitwa mwongo, lakini Daktari akisema watu watanyamaza wasikilize.

Wakakaa siku ya Jumamosi, watu wanne, sebuleni. Kaka mtu akasema yake, mume akasema yake. Kisha mke akamgeukia Daktari. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, wewe unamwona ndani ya kichwa kila Jumatatu. Mimi sijasoma, naona nje tu. Niambie kweli yako, nitaipokea ilivyo. Huyu mtu ni mgonjwa, au ana mwanamke?"

Daktari aliangalia kikombe chake. Chai ilikuwa imeshapoa.

"Mama," akasema, "picha zake ni safi. Kichwa cha Baba hakina neno."

"Basi," kaka mtu akasema, akijifuta mikono, "kama kichwa hakina neno, neno liko kwingine."

Jumapili mke alifunga vitu vyake akahamia kwa dada yake. Viatu vya njano alivichukua. Na kinachouma kuliko vyote ni kwamba Kipimo alimsindikiza Daktari hadi kwenye gari siku ile, akamshukuru kwa mikono miwili. Angalau, alijiambia, yupo mtu mmoja aliyesema mimi si mwendawazimu.

Akaishi peke yake mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alijiandikia vikaratasi akavibandika mlangoni: zima jiko, funga dirisha, leo ni siku fulani. Jumatatu hakuikosa hata moja.

Siku moja ya Jumatano aliitwa ukumbini. Kesho yake wageni walikuwa wanakuja kutoka hospitali nyingine kusikiliza utafiti wa Daktari, na bango kubwa lilipaswa kutundikwa ukutani. Upande mmoja wa bango alikuwa yeye, upande wa pili fundi wa mashine, kijana mpole wa miaka thelathini aliyezoea kuongea na nyaya kuliko watu. Walipanda ngazi, wakapigilia, Kipimo akarudi nyuma kuangalia kama limenyooka. Kwa kazi alikuwa mtu wa kunyoosha vitu.

Bango lilikuwa na safu sita za picha ndogo, kila safu mwaka mmoja, kila picha wiki moja. Ubongo uleule, umekatwa palepale, mamia ya mara. Juu yake maneno makubwa: MTU MMOJA, JUMATATU MIA TATU NA MOJA. JINSI UBONGO MZIMA UNAVYOANZA KUNYAUKA.

Katika safu ya pili palikuwa na nafasi tatu nyeupe zilizofuatana. Katika ya tatu palikuwa na nane.

"Fundi," akasema, "hiki kichwa ni cha nani?"

"Vichwa havina majina, Mzee."

"Hizi wiki tatu nyeupe nilikwenda kumzika mama yangu. Na hizi nane mashine ilikuwa inangoja kipuri. Wewe ndiye uliyekuwa unanipigia simu: Mzee usije, bado."

Kipimo akasogea karibu, akasoma chini ya safu ya tano, palipoandikwa kwa herufi ndogo dalili zilizoonekana. Wiki ya 214: asahau pete. Wiki ya 219: apotea njia kwa saa nne. Wiki ya 229: anunua viatu vya mtoto mchanga, hajui sababu. Wiki ya 237: mke ameondoka nyumbani.

Akasoma tena, kidole kikipita chini ya kila neno. Yale aliyokuwa akimwambia mwanawe akifungwa kofia.

Fundi akashuka ngazi, akamshika mkono, akampeleka kwenye chumba cha mashine. Akatoa daftari la mashine, lile jeusi ambalo kila hitilafu huandikwa ndani yake. Ukurasa wa kwanza uliorodhesha vifaa vya kupimia. Mpira wa mviringo uliojazwa maji, mmoja. Rula ya plastiki, moja. Kichwa, kimoja.

"Mwaka wa nne namba zako zilianza kushuka," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Sikuwaza kabisa kwamba ni wewe. Kichwa chako ndicho kilikuwa sheria, Mzee. Sheria ikisema hivi na mashine ikasema vile, mashine ndiyo mwongo. Nikairekebisha mashine. Mara tatu. Miezi saba wagonjwa wote walipimwa kwa mashine niliyoipinda ikufuate wewe."

"Ikawaje ukajua?"

"Niliupiga picha mpira wa maji. Ukatoka mkubwa kuliko ulivyo. Maji hayanenepi, Mzee. Nikampelekea Daktari."

Akafungua ukurasa. Mwandiko ulikuwa wa Daktari, Kipimo aliujua vizuri, herufi zilizoinama kama zinawahi basi. *Rudisha mashine ilivyokuwa. Usirekebishe tena. Ni kichwa. Endelea kukipiga picha kila Jumatatu. Asiambiwe mpaka mfululizo ukamilike.* Tarehe ilikuwa ya miaka miwili iliyopita.

"Na wewe ulijua," Kipimo akasema.

"Nilijua."

"Ukanipigia picha."

"Nina watoto, Mzee, na kazi hii..."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuita Baba, kitakuulizia hali ya nyumbani, kisha kiende kuandika. Kilemba alichovikwa miaka sita kilikuwa cha ukoka, naye alikuwa amekivaa kwa madaha mbele ya mke wake.

Alimkuta Daktari ofisini akipanga maneno ya kesho. Kipimo hakuketi.

"Nimeona bango."

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwerevu na hakujaribu kujifanya. "Nilitaka kukuambia mwenyewe, Baba. Baada ya Alhamisi."

"Wagonjwa nawasukuma humu kila siku na fomu vifuani mwao. Ina kisanduku: nikionekana na tatizo, niambiwe. Wengi huniomba niwatilie tiki kwa sababu mikono inatetemeka. Fomu yangu mimi iko wapi?"

"Wewe hukuwa mshiriki. Uliingizwa kama..."

"Kama mpira wa maji."

Daktari akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa mazuri, maana hakuna kosa lisilo na maelezo mazuri. Akasema mgonjwa huletwa akiwa amekwisha kuugua, kwa hiyo mwanzo wenyewe hauonekani. Kichwa chake ndicho pekee alichowahi kukiona kikipita kutoka uzima hadi ugonjwa, wiki kwa wiki, bila pengo. Wangefaidika watu wengi. Na kama angemwambia, hofu ingemwingia, asingelala, asingetulia, picha zingeharibika.

"Halafu ningekuambia ungefanya nini, Baba? Dawa ya kuurudisha ubongo haipo. Ningekupa majonzi tu."

"Sikukuomba dawa, mwanangu," Kipimo akasema. "Nilikuomba neno moja mbele ya mke wangu. Alikuuliza kwa adabu, ndani ya nyumba yangu, umeshika kikombe chake. Akakuambia atalipokea lilivyo."

Macho ya Daktari yakajaa maji. Pengine yalikuwa ya kweli. "Nitakwenda kwa Mama mwenyewe, nitamweleza kila kitu. Wiki ijayo, wageni wakishaondoka." Akajifuta kwa kiganja, kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa: "Jumatatu utakuja?"

Hapo Kipimo akakata tamaa naye. Kabla ya swali hilo alikuwa amebakiza tumaini kidogo. Akatoka.

Kufa hakukumtisha sana. Alikuwa amesukuma maiti wengi na kuwazoea. Kilichomtisha ni jambo moja. Alitaka mke wake amwamini, na alitaka hivyo kabla yeye mwenyewe hajasahau kwamba aliwahi kuwa na jambo la kumweleza. Wiki ijayo ni mbali kwa mtu ambaye picha zake amekwisha kuziona zote, kwa safu, kutoka juu hadi chini.

Akarudi ukumbini, akalitungua bango lililokuwa limenyooka vizuri sana. Akaligeuza, na nyuma yake, kwa kalamu nene ya wino, akaandika alichotakiwa kusema, kimoja baada ya kingine. Akalikunja, akaliweka juu ya machela, akalifunika shuka, akasukuma. Mtu akisukuma machela hospitalini haulizwi.

Ni mlinzi wa getini tu aliyemtania. "Mzee Kipimo, leo unamsukuma nani?"

"Najisukuma mwenyewe."

Mlinzi akacheka. Kipimo akaiacha machela pale getini, akatia bango begani, akashika njia. Njiani alisimama mara mbili. Mara ya kwanza kwenye njia panda, kwa sababu njia zote mbili zilikuwa na ukuta wa bluu. Mara ya pili alikuwa amefika katikati ya daraja, watu wanampita, akajiuliza kile kitu kilicho begani ni cha nani na anakipeleka wapi. Akakunjua pembe moja akasoma mstari wa kwanza: *Nenda kwa dada yake mama watoto. Mlango wa chuma, wa kijani.* Akakunja, akaendelea.

Mlango ulifunguliwa na mkewe mwenyewe, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa amekonda kidogo.

"Baba watoto. Kuna nini?"

"Ningeomba nisome. Nikisema kwa kichwa nitaruka kitu."

Akasimama pale kizingitini, mtu mzima na mvi zake, akasoma nyuma ya bango kama mwanafunzi. Kwamba yeye ni mgonjwa wa ubongo, mwaka wa tatu sasa. Kwamba pete aliisahau kwenye kisahani. Kwamba siku ya meno alipotea njia. Kwamba hakuna mwanamke, na hakuwahi kuwapo. Kwamba Daktari alijua siku aliyokaa sebuleni kwao. Alipofika mwisho akasoma na mstari aliojiandikia mwenyewe: usilie. Mkewe akampisha aingie.

Walilitandaza bango chini, maana hapakuwa na meza ya kulitosha. Dada mtu akachungulia, akaona nyuso zao, akarudi jikoni. Mke aliinuka akaenda chumbani, akarudi na vile viatu vya njano. Uzi wa dukani ulikuwa haujakatwa.

"Ulivinunua vya nani?" Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza, bila hasira.

Akavishika, akavigeuza. Kwa bahati nzuri jibu lilikuwepo. "Vya kitinda mimba. Naona siku ile nilidhani bado hajaanza kutembea."

Mke akaweka mkono wenye sabuni mdomoni, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akamwita dada yake, akamwambia amtolee begi lake lililo chini ya kitanda, anarudi kwake. "Nisamehe," akamwambia mumewe. "Nimeolewa nawe miaka thelathini, nikaamini neno la mtu aliyekujua Jumatatu tu."

"Hata mimi nililiamini," akasema.

Begi likiwa linafungwa chumba cha pili, mke alipiga magoti akasoma bango taratibu, safu kwa safu, mpaka akafika kwenye yale maandishi madogo. Midomo yake ikatembea. Wiki ya 237: mke ameondoka nyumbani.

"Mimi nimo humu," akasema.

"Umo."

Akahesabu visanduku kwa kidole mpaka akaipata picha yenyewe. Kwa macho yake haikuwa na tofauti na jirani zake, kijivu na nyeupe, mikunjo na mikunjo. "Niliondoka Jumapili. Hii ni ya kesho yake?"

"Ya kesho yake."

"Ukaamka katika nyumba tupu, ukaenda kuwalalia ndani ya mashine."

"Ilikuwa Jumatatu."

"Na ukatulia?"

"Siku hiyo sikuwa na nguvu hata ya kupepesa macho," Kipimo akasema. "Daktari alinifungua kofia, akaniambia ndiyo picha nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nikamshukuru."